Kengele 275 mu dakika 11

Tumesikia ulizo hili: kama kiwanda kina vipimo ku kila bomba, na kila kipimo kina kengele yake ya hatari, ajali inatoka wapi tena? Mara nyingine inatoka mule mule mu kengele.

Tutazame kiwanda cha kusafisha petroli cha Milford Haven, kule Wales. Tarehe 24 Julai 1994, siku ya Mungu, radi ilipiga asubuhi na kuvuruga kazi. Robine moja kubwa ilifungika, lakini kipimo kilionyesha kama iko wazi. Basi mafuta yaliendelea kuingia mu chombo bila njia ya kutoka. Mu dakika 11 za mwisho, watu wawili tu walipokea kengele 275. Fanyeni hesabu: kengele moja kila sekunde mbili na nusu hivi! Nani atasoma, atafikiri na kutenda kwa mwendo ule? Saa saba na dakika 23 ya muchana moto ulilipuka. Watu 26 waliumia; hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe.

Wachunguzi walikuta kengele 2040 zimepangwa, na 87 kwa mia zilikuwa na alama ya haraka sana. Alama ya namna ile haimwonyeshi mutu aanze wapi.

Kwa hiyo wahandisi wanauliza kwanza: kengele hii ikilia, mutu atafanya nini? Kama hana la kufanya, si kengele. Habari iandikwe tu mu kitabu. Kisha kuko zile zinazolia na kunyamaza ovyo, kwa sababu joto linacheza kati ya 79 na 81. Hizi zinapangwa zilie ku 80, lakini zisinyamaze mpaka joto lishuke ku 77. Tena pompe ikisimama, mabomba yake yote yatalalamika. Ordinateri inaweza kuficha yale malalamiko na kuonyesha pompe peke yake. Kitabu cha mashauri kilichotoka Uingereza mwaka wa 1999 kinataka, siku ya kazi ya kawaida, isipite kengele moja kwa dakika 10.

Lakini kupunguza makelele hakutoshi. Wale watu wawili walikosa pia picha moja ya kiwanda kizima ku ekra zao. Kama wangeona pamoja mafuta yanayoingia na yanayotoka, wangejua kwamba ile robine haiko wazi, hata kipimo kikisema nini.