Flashi ya Maulidi ya Akika: Kweli au Uongo?

Akika imepangwa, maulidi yatasomwa sebuleni baada ya isha, na wewe mwenye kamera umeshapewa kazi. Kabla hujaenda Kariakoo kununua flashi, haya bila shaka umeshayasikia.

“Chumba kidogo, flashi iliyomo kwenye kamera yatosha.”

Uongo. Mwanga hupungua upesi kuliko unavyodhani: aliyekaa mita 4 kutoka kwako hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Watu wanaposimama kumsalia Mtume, safu ya mbele hutoka kama iliyopakwa chokaa na ya nyuma inazama gizani. Tena taa hiyo iko karibu mno na lenzi. Mwanga wake huingia kwenye mboni, hugonga nyuma ya jicho penye mishipa ya damu na kurudi moja kwa moja kwenye kamera, basi shangazi anatoka na macho mekundu. Chetezo cha udi kikipita mbele yako ndiyo basi tena, maana moshi wote hugeuka ukungu mweupe.

“Elekeza flashi darini,” husema wapiga picha wa zamani.

Kweli, na wala hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Mwanga ukigonga dari, sehemu kubwa ya dari hugeuka taa, na taa kubwa hulainisha vivuli. Pia waliokaa mbele na waliokaa nyuma hupata mwanga unaokaribiana. Ila dari iwe nyeupe na isiwe juu sana. Ya kijani itawapaka wageni kijani, na ya mbao nyeusi itaumeza mwanga wote. Kwa hiyo itazame dari ya mwenye shughuli kwanza, ndipo uende dukani. Huko, jambo la kwanza kuulizia ni kichwa cha flashi: kinainuka, na kinazunguka pia? Kuna zinazoinuka tu. Ukisimamisha kamera wima, za namna hiyo huishia kumulika ukuta wa pembeni.

“Iliyoandikwa GN 60 ndiyo yenye nguvu.”

Nusu kweli. Namba hiyo ukiigawanya kwa namba ya tundu la lenzi unapata umbali, kwa mita, ambao mwanga unafika vizuri. Lakini watengenezaji wengi huipima flashi ikiwa imebanwa hadi milimita 200, mwanga ukiwa mwembamba. Ukiutawanya uenee chumbani, namba inashuka sana. Hata hivyo, flashi ya kawaida ya betri 4 za AA inatosha sebule yenye dari ya wastani.

“Usinunue isiyo ya kampuni ya kamera yako.”

Uongo, tena wa gharama kubwa. Godox na Yongnuo hufanya kazi hiyo vizuri kwa bei nafuu. Angalia tu herufi ya mwisho: kwa Godox, C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Angalia pia TTL, yaani kamera na flashi kupimiana mwanga zenyewe. TT685 inayo, TT600, inayofanana nayo sana, haina. Kwenye maulidi, ambako watu hawatulii mahali pamoja, mimi ningelipia TTL. Nayo ina udhaifu wake: ikiona kanzu nyeupe tupu hudhani mwanga umezidi, ikapunguza, na kanzu zikatoka kijivu. Iongezee kipimo kimoja hivi.

“Flashi ya babu itaunguza kamera mpya.”

Inaweza, kwa hiyo kweli. Baadhi ya za zamani, kama Vivitar 283 za mwanzo, hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye kamera, na kamera nyingi za kidijitali hazikuundwa kustahimili umeme huo. Iache kabatini.

“Betri za kuchaji ni dhaifu.”

Uongo. Volti zake ni 1.2 badala ya 1.5, lakini zile za NiMH hutoa umeme kwa kasi, hivyo flashi hujiandaa mapema kwa picha inayofuata. Chukua seti mbili.

“Flashi humpofusha mtoto mchanga.”

Uongo. Mmweko hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde, na hakuna ushahidi kwamba flashi ya kamera iliyotumiwa kawaida humharibu mtoto macho. Bibi akikataa, mheshimu. Elekeza darini au mwache mtoto alale. Ila kagua picha zako. Mboni moja ya mtoto ikionekana nyeupe mara kwa mara, mara nyingi ni pembe tu ya mwanga, lakini yaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayotibika zaidi ikigunduliwa mapema. Waambie wazazi wampeleke kwa daktari wa macho bila kungoja, na picha hiyo waende nayo.