Je, Wajua? Kanisa la Afrika Lina Umri Mkubwa Kuliko Unavyodhani

Ndugu yangu wa Masisi, na wewe mama wa Walikale, sogea kidogo tuketi pamoja. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba Ukristo ulifika Afrika juzi, ndani ya mizigo ya wazungu. Sivyo hata kidogo! Sikiliza.

Je, wajua kwamba msalaba wa Yesu ulibebwa na mtu aliyetoka Afrika? Simoni, yule ambaye askari walimshurutisha njiani, alikuwa mtu wa Kirene, na Kirene iko Libya ya leo. Fungua Marko 15:21 ujionee. Hata majina ya watoto wake yamo: Aleksanda na Rufo.

Na yule mtunza hazina wa malkia Kandake, unamkumbuka? Filipo alimbatiza kando ya barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Hiyo ni sura ya 8 ya Matendo ya Mitume; Paulo anaongoka katika sura ya 9! Ufalme wa akina Kandake ulikuwa Meroe, kwenye mto Nile, katika Sudani ya leo.

Nile, ndiyo. Je, wajua kwamba mkoa wetu wa Kivu Kaskazini unanywesha mito miwili mikubwa kuliko yote Afrika? Maji ya jirani zako wa Rutshuru huingia Ziwa Edward, yakashuka na Semliki, yakafika Nile hadi Misri. Maji ya Lowa, yanayopita hapo Walikale, huingia Lualaba, yakapita Kisangani na Kinshasa hadi bahari ya Atlantiki. Na kwenye mito yote miwili kuna Wakristo wa zamani sana.

Tuanze na Misri. Vitabu 27 vya Agano Jipya unalolishika mkononi kila Jumapili: orodha ya kwanza tunayoijua inayovitaja hivyo hivyo vyote 27, bila kupunguza wala kuongeza, iliandikwa Afrika! Ni barua ya Pasaka ya mwaka 367 ya Athanasio, askofu wa Aleksandria. Na askofu huyo alifukuzwa mjini kwake mara 5, akaishi uhamishoni miaka kama 17. Wewe uliyewahi kukimbia kijiji chako na godoro kichwani, jua kwamba Athanasio naye aliijua njia hiyo.

Na utawa je? Nao ni wa Misri. Antoni aliingia jangwani kusali, na inasimuliwa kwamba alifariki mwaka 356 akiwa na miaka 105. Pakomi naye akaanzisha nyumba ya watawa wanaoishi pamoja kwa kanuni moja, karibu mwaka 320. Masista na mabruda wote unaowaona leo wana deni kwa jangwa lile.

Sasa kaa vizuri, maana huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Je, wajua kwamba mkuu wa genge la wanyang'anyi aligeuka kuwa mtakatifu? Anaitwa Musa Mweusi, Mwafrika mwenye mwili mkubwa, aliyekuwa mtumwa, kisha kiongozi wa majambazi wenye silaha. Aliacha yote akawa mtawa katika jangwa la Sketi, Misri. Siku moja watawa waliitana kumhukumu mwenzao aliyekosa. Musa akakataa kwenda. Walipomwita tena, akaja amebeba mtungi unaovuja, maji yakimwagika nyuma yake. Wakamuuliza, ni nini hiki baba? Akawajibu kwamba dhambi zake mwenyewe zinachuruzika nyuma yake wala hazioni, na leo amekuja kuhukumu za mwingine. Wakamsamehe yule ndugu papo hapo! Karibu mwaka 405 washambuliaji walipofika, Musa hakushika tena silaha. Aliuawa pamoja na wenzake 7. Msimulie kijana yeyote aliyetoka porini na kuweka bunduki chini.

Tuendelee. Je, wajua kwamba Ethiopia ilikuwa na mfalme Mkristo kabla dola ya Roma haijaufanya Ukristo kuwa dini yake? Mfalme Ezana wa Aksum alibatizwa katikati ya karne ya 4, akaweka msalaba kwenye sarafu zake. Roma ilitangaza hivyo mwaka 380 tu. Aliyemfundisha, Frumentio, alifika nchi hiyo akiwa kijana mateka kutoka Tiro, katika Lebanoni ya leo!

Na Lalibela, huko huko Ethiopia? Makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Kanisa la Mtakatifu Georgi lina kimo cha mita kama 12, na mafundi walianzia juu ya paa wakashuka chini. Hakuna jiwe lililopangwa juu ya jingine. Na watu bado wanasali humo!

Nubia, Sudani ya leo, ilikuwa na falme tatu za Kikristo. Mwaka 652 wapiga mishale wake walilizuia jeshi lililotoka Misri, kisha ukawekwa mkataba wa amani uliodumu miaka kama 600. Mia sita! Kati ya 1961 na 1964, kabla ya maji ya bwawa la Aswan kufunika kila kitu, wataalamu wa Poland waliondoa mchanga kwenye kanisa kuu la Faras wakakuta picha zaidi ya 100 ukutani. Moja ni ya askofu Petros, mweusi wa ngozi, na nyuma yake Mtume Petro amesimama kumlinda.

Unadhani mapapa wote walikuwa wa Ulaya? Watatu walikuwa wa asili ya Afrika: Vikta, Miltiadi na Gelasi. Miltiadi ndiye aliyekuwa papa mwaka 313, Wakristo walipopewa uhuru wa kusali bila kuuawa.

Na Perpetua wa Karthago, Tunisia ya leo: mama wa miaka 22 hivi, akinyonyesha, alifungwa na kuuawa mwaka 203 pamoja na Felisita, aliyekuwa amejifungua siku chache tu kabla. Perpetua aliandika gerezani kwa mkono wake. Ni moja ya maandishi ya kwanza kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia.

   

Sasa turudi kwenye maji yako, mtu wa Walikale. Fuata Lowa mpaka mwisho kabisa, mpaka mdomo wa mto Kongo. Si mbali na huko, mwaka 1491, mfalme Nzinga a Nkuwu wa Kongo alibatizwa. Mwaka mmoja kabla Kolombo hajavuka bahari! Mjukuu wake Henrique alisoma Ureno, na mwaka 1518 akateuliwa kuwa askofu. Mkongo, askofu, mwaka 1518!

Baada yake Kanisa Katoliki lilikaa zaidi ya miaka 400 kabla ya kumpata askofu mwingine Mwafrika mweusi wa mapokeo ya Kilatini: Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, aliyewekwa wakfu Roma mwaka 1939. Jimbo letu la Goma likaundwa mwaka 1959, miaka 441 baada ya kuteuliwa kwa askofu Henrique.