Mwili Hautunzwi kwa Makofi

Mwanariadha wetu akishinda ng'ambo, siku hiyo nchi nzima huwa na miguu. Redio hufunguliwa kwa sauti kubwa, wazee husimama barazani, na hata karani ambaye hajapata kukimbia tangu alipoacha shule huzungumza habari za mbio kana kwamba yeye ndiye aliyetoka jasho. Kesho yake kila mtu hurudi kitini pake. Sisi tuliozoea kukimbia alfajiri kwa zaidi ya miaka arobaini, na ambao nywele zetu sasa zimekuwa nyeupe, huulizwa njiani swali lile lile: "Mzee, wakimbizwa na nani?" Swali hilo si la dhihaka tupu. Ndani yake mna fikira iliyoenea sana, kwamba mbio ni kazi ya vijana wanaotafuta medali, na kwamba mtu aliyekwisha kupata kazi na watoto hana tena haja ya miguu yake ila kumfikisha kituo cha basi. Fikira hiyo twaikataa.

Tuanze na mtu ambaye Watanzania wengi wamepata kusikia habari zake. Ndugu John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico tarehe 20 Oktoba, 1968. Mji ule uko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Misuli ilimkaza, kisha, katika msukumano wa wakimbiaji waliokuwa wakigombea nafasi, alianguka akaumia vibaya goti na bega. Watu 75 walianza mbio zile, na 18 hawakuzimaliza. Mmoja wa hao 18 alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Rome mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964. Basi kuacha njiani siku ile hakukuwa aibu kwa mtu yeyote. Mamo Wolde, naye wa Ethiopia, alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, watazamaji wengi wamekwisha kuondoka, goti limefungwa bendeji, akichechemea. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali azimalize.

Jibu hilo limerudiwa mara nyingi hata limekuwa pambo la hotuba. Wanaolirudia husahau yaliyofuata. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hakuwa, basi, mtu wa kuhurumiwa aliyejikokota siku moja mbele ya kamera. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na ajali, kisha akarudi kazini. Miaka miwili ile kati ya Mexico na Edinburgh haina picha inayojulikana na watu, nayo kwetu sisi ndiyo yenye mafundisho zaidi.

Katika mbio hizo za Edinburgh, aliyemtangulia Akhwari kwa sekunde 21 alikuwa Jack Foster wa New Zealand. Wasomaji wetu wengi hawamjui, na ni hasara. Foster alikuwa mpanda baiskeli. Mbio alizianza amekwisha kupita umri wa miaka thelathini, wakati ambapo wengine huanza kuhesabu vitambi vyao. Mwaka 1974, akiwa na miaka 41, alipata medali ya fedha ya marathoni katika Michezo ya Madola huko Christchurch, michezo ile ile ambayo Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500. Kijana wa Karatu mwenye miaka ishirini na mzee wa arobaini na moja walirudi kutoka uwanja mmoja, kila mmoja na medali yake. Anayesema kwamba wakati wake umekwisha kupita, na amtazame huyo wa pili.

Kwa upande wetu, hatukupata medali wala hatukuitafuta. Tulianza kukimbia kwa raba zilizotoboka, kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi, katika nyumba ya kupanga ambamo maji yalichotwa kwa zamu. Watu husema kwamba shida ndizo zilizotujenga. Tusidanganyane. Shida peke yake humchosha mtu na kumzeesha mapema. Tumewaona wengi iliowazeesha, wala hawakuwa wavivu. Kilichotujenga ni mpango mdogo tuliouweka katikati ya shida hizo na kuushika: siku nne kwa juma, kabla ya jua kuchomoza, mvua inyeshe isinyeshe.

Nidhamu tunayoisema si ya kutia vishindo. Siku nyingi ni mwendo wa polepole, mwendo ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema. Kupumzika nako ni sehemu ya mpango. Kila mwaka vijana hutujia mwezi wa Januari na moto wa mabua. Wiki ya kwanza hutuacha nyuma, wiki ya tatu wanashika kiuno, na mwezi wa Machi hatuwaoni tena. Hawakushindwa kwa udhaifu wa mwili. Walitaka kulipwa kabla ya kufanya kazi. Tena isidhaniwe kwamba twawataka watu wamwige Akhwari kwa kukimbia na goti lililoumia. Alilofanya yeye lilikuwa la siku moja, mbele ya ulimwengu, kwa ajili ya nchi yake. Anayefanya hivyo kila Jumatatu asubuhi kando ya barabara atamaliza goti tu.

Wako watakaosema kwamba mfanyakazi amekwisha kuchoka, na kwamba mazoezi ni anasa ya wenye nafasi. Neno hilo lina haki yake. Kuli aliyebeba magunia kutwa hatumwambii akimbie jioni. Huyo anahitaji chakula, usingizi na ujira wa halali. Lakini wafanyakazi wengi wa leo huchoka kwa kukaa. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake wa Uingereza walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva alikaa kutwa kwenye usukani. Kondakta wa basi lile lile alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ilionekana kwamba maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Kondakta hakuwa mwanariadha. Alikuwa akikata tiketi. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Basi maneno yetu yanamhusu dereva wa daladala, karani, fundi cherehani, mlinzi wa getini, na hasa mkubwa wa ofisi anayepelekwa kwa gari hata dukani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Kutembea kwa haraka ni katika hayo. Ni nusu saa kwa siku tano. Waliopita umri wa miaka 65 hawakusamehewa: kwao yameongezwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa juma, ili wasianguke. Sisi hufanya hayo kwa kusimama mguu mmoja tukipiga mswaki, na wajukuu hucheka sana.

Lakini haifai kumlaumu mfanyakazi peke yake. Katika miji yetu viwanja vingi vya wazi vimegeuzwa kuwa maduka na maegesho ya magari, na barabara nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu. Karani ambaye angependa kuja kazini kwa miguu kutoka kilomita tano hawezi kukaa ofisini na jasho la asubuhi, kwa kuwa ofisini hakuna mahali pa kuoga. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri huzungumza mishahara, na ni vyema. Twavitaka viongeze kifungu kimoja: katika kila mahali pa kazi pawe na bafu lenye maji na chumba cha kubadilishia nguo, kwa wanaume na kwa wanawake. Gharama yake si kubwa, na lifaa kuombwa katika mazungumzo ya mwaka huu.