Uchakavu wa Beringi za Spindeli katika Mashine ya Kuchongea Chuma Iliyoundwa Karakanani

Mashine ya kuchongea chuma huzungusha kisu chenye meno kadhaa huku kipande kinachochongwa kikiwa kimebanwa juu ya meza inayosogea taratibu, na shafti inayobeba kisu hicho, iitwayo spindeli, ndiyo inayoamua kama uso utatoka laini au wenye mawimbi. Spindeli hushikwa na beringi, yaani ringi mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, zinazotenganishwa na gololi au roli. Katika mashine ambayo fundi ameiunda mwenyewe, beringi hizo aghalabu huchakaa mapema, na kuzibadilisha kwa nyingine za aina ileile mara nyingi huahirisha tatizo tu, kwa kuwa chanzo chake kimo katika muundo wa mashine.

Kwa hiyo kupima hutangulia kufungua. Geji ya mshale, inayosoma sehemu ya mia ya milimita, husimamishwa mezani kwa kishikio cha sumaku, ncha yake ikagusa spindeli, kisha spindeli ikasukumwa na kuvutwa kwa mkono, kwanza kwa ubavu, halafu kwa urefu wake. Mshale ukiruka wakati nyumba ya beringi imetulia, beringi inacheza. Nyumba nayo ikisogea, udhaifu umo katika fremu. Ikiwa mshale hautikisiki kwa kusukumwa lakini hupanda na kushuka spindeli inapozungushwa polepole, yaelekea shafti imepinda au tundu la kushikia kisu halikutobolewa katikati, na beringi mpya haitaleta nafuu kubwa.

Beringi inayopendwa na waundaji wa mashine hizi ni ya gololi ya kawaida, kama ile yenye namba 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje 52 na unene 15, kwa kuwa hutumika sana katika mota za umeme na hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, beringi hiyo huachiwa nafasi ndogo baina ya gololi na njia zake, na nafasi hiyo huiruhusu spindeli kutikisika kila jino la kisu linapogonga chuma, huku meno yaliyopinda yakiivuta pia kwa urefu wake. Mzigo huo una gharama kubwa, kwani katika beringi za gololi mzigo ukiongezeka maradufu, umri unaokadiriwa hushuka hadi sehemu moja ya nane.

Tiba ya kudumu ni kuweka jozi ya beringi ambazo gololi zake hugusa ringi kwa mshazari, kama 7205, ambayo vipimo vyake vitatu ni sawa na vya 6205, hivyo huingia katika nyumba ileile. Kwa kuwa kila moja huzuia msukumo wa upande mmoja tu, mbili hufungwa zikielekeana kinyume, kisha nati hukazwa mpaka ile nafasi ya ndani iishe, hatua ambayo mafundi huiona kuwa kiini cha kazi yote. Nati ikilegea, spindeli hucheza; ikizidi kukazwa, beringi huchemka na kufa upesi, hivyo hukazwa kidogo kidogo, mashine ikazungushwa na joto la nyumba likaangaliwa kila mara.

Ufungaji nao hutaka subira. Nyundo ikipigwa kwenye ringi ya nje ili kuiingiza ya ndani kwenye shafti, kishindo hupitia kwenye gololi na kuacha vishimo katika njia zake, ilhali beringi isiyo na vifuniko ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, tundu lake hupanuka kwa takribani sehemu mbili za mia za milimita na mara nyingi huteleza mahali pake bila kupigwa. Grisi hujazwa takriban theluthi ya nafasi iliyo wazi, kwani ikizidi huzalisha joto, na sili huwekwa upande wa kisu ili chenga za chuma zisiingie.

Vipimo vya geji vikiandikwa siku ya kufunga na kurudiwa baada ya kila kipindi cha kazi, fundi ataweza kuikaza nati au kuagiza jozi mpya kabla uchakavu haujaharibu kazi ya mteja.