Farasi wako ameacha kuchechemea? Usimpakie watoto bado

Tuseme riziki yako iko juu ya miguu minne. Wikendi na sikukuu uko ufuoni Mombasa, au kwenye bustani fulani Nairobi, unawazungusha watoto juu ya farasi huku wazazi wakipiga picha. Shule zimefungwa, Desemba ndiyo hiyo, na ghafla farasi anaanza kuchechemea mguu wa mbele. Si sana. Ni kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana. Unampumzisha siku nne, na siku ya tano anatembea sawa kabisa. Jumamosi unamrudisha kazini?

Wengi wetu tungesema ndiyo. Kodi ya nyumba haingoji mguu upone, na farasi hula hata siku ambayo hajaingiza shilingi. Lakini hapo ndipo watu hupoteza msimu mzima wakijiambia wanaokoa wikendi moja.

Shida ni kwamba maumivu huondoka kabla jeraha halijapona. Farasi wa kawaida ana kama kilo 450 hivi, na takriban asilimia 60 ya uzito huo hukaa miguu ya mbele. Ukimpapasa chini ya goti hutapata msuli. Ni mfupa, kano na ngozi tu. Kano hupata damu kidogo, kwa hivyo hupona polepole mno. Moyo na mapafu, kwa upande mwingine, hurudi fiti haraka. Ndiyo maana farasi aliyepumzika atakuvuta kamba akitaka kukimbia. Injini inanguruma na nati za gurudumu hazijakazwa.

Unamkumbuka David Rudisha? Baada ya rekodi yake ya mita 800 kule London 2012, goti lilimkosesha mashindano ya dunia ya 2013. Aliporejea 2014 alipata fedha, si dhahabu, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola Glasgow. Dhahabu ya dunia aliipata tena Beijing 2015. Huyo ni binadamu anayeweza kumwambia daktari wake panapouma. Farasi wako hana mdomo huo.

Kwa hivyo kabla ya yote, jua kilichomuumiza. Mara nyingi tatizo liko kwenye ukwato: jiwe limemchubua chini, msumari wa nali umepigwa vibaya, au kuna jipu ndani. Mchubuko mdogo unaweza kuisha kwa siku kadhaa au wiki chache. Kano iliyochanika ni hesabu ya miezi. Kwa macho tu huwezi kutofautisha, na hata jamaa yako aliyekaa na farasi miaka kumi hubahatisha. Lipa daktari wa mifugo mara moja. Na tafadhali, usimchome dawa ya maumivu ili uone kama atatembea. Fenilbutazoni na ndugu zake hunyamazisha kengele tu. Moto bado unawaka, na farasi ataukanyagia mguu mbovu kwa nguvu zote.

Akikuambia daktari kwamba jeraha ni dogo na mnaweza kuanza, jifunze kumkagua mwenyewe. Mwambie rafiki amwongoze kwa troti, ule mwendo wa kukimbia kidogo, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa. Kamba iwe legevu ili kichwa kiwe huru. Simama mbele na urekodi kwa simu, halafu tazama video hiyo polepole. Farasi anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapogusa chini, na hukishusha anapokanyaga ule mzima. Watu wengi huigeuza hii, wakaishia kukanda mguu usio na kosa.

Kisha tumia mkono. Shika kwato zote mbili za mbele, panda hadi gotini, linganisha joto na uvimbe. Nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato tafuta mapigo ya damu. Yakigonga kwa nguvu upande mmoja kuliko mwingine, kuna jambo. Fanya hivi kila asubuhi hadi vidole vyako vijue mguu wake ulivyo siku njema.

Sasa kazi yenyewe, ambayo kusema kweli inachosha kwa sababu haina mbwembwe. Wiki ya kwanza ni kumtembeza kwa mkono, bila mtu mgongoni: dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni, mstari ulionyooka. Wiki ya pili ongeza hadi 20, halafu 30. Ya tatu, mweke mtu mwepesi anayejua kukaa, bado ni kutembea tu. Troti huingia wiki ya nne, dakika moja moja na kutembea katikati. Kupiga shoti na kuzunguka kwenye duara dogo hubaki mwisho kabisa, kwani duara huupindisha mguu na kuulemea upande mmoja. Hiyo ni ratiba ya jeraha dogo. Daktari akirefusha, usibishane naye.

Najua utasema, "Lakini kazi ya watoto ni kutembea tu!" Kweli. Ila hesabu saa. Siku ya sikukuu farasi hutembea kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, na kila baada ya mita mia anageuzwa. Tena anatembea kwenye mchanga mkavu unaotitia, ambao huvuta kano kila hatua. Maji yakipwa, mpeleke pale chini kwenye mchanga mbichi ulioshikamana. Nairobi, njia ya murram iliyoshindiliwa inafaa kwa kutembea, ila usimkimbize kwenye lami.

Jambo la chakula husahaulika kabisa. Farasi akipumzika, punguza nafaka na umwachie nyasi za kutosha. Zamani huko Ulaya, farasi wa kukokota mikokoteni walipumzishwa Jumapili huku wakipewa shayiri ile ile ya siku za kazi. Jumatatu asubuhi misuli yao ilikakamaa barabarani, na ugonjwa huo ukaitwa kwa jina la siku hiyo. Hata asipofika huko, farasi aliyeshiba nafaka na hana kazi atakurukia na kupiga mateke, ndipo wiki tatu za kutembea zinaharibika kwa ruko moja.

Tumia muda huo kumwita fundi wa kwato pia. Kwato zinahitaji kupunguzwa kila wiki sita hadi nane. Zikirefuka mbele, kano za nyuma huvutwa hata akisimama tu.

Na kama bado unajaribiwa na Jumamosi hiyo, kumbuka kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa kuumia. Mzazi mwenye simu nzuri na farasi anayechechemea nyuma ya mtoto wake: video hiyo itakufikia kabla hujafika nyumbani.

Siku utakayomrudisha, anza na saa moja ya wateja, watoto wadogo peke yao. Yule mjomba wa kilo 95 anayetaka picha ya kuringia, mwambie arudi mwezi ujao. Jioni mwagie miguu maji baridi dakika 20, lakini usitoe uamuzi usiku huo. Ngoja asubuhi, kabla hajatoka bandani, umpapase tena. Mguu ukiwa baridi na laini kama jana, ongeza nusu saa. Ukiwa na joto, mpigie daktari, na umrudishe kwenye kamba ya kutembezwa kama wiki ya kwanza.