Kosa la Jana na Ukaguzi wa Leo

Huenda huna lori. Lakini pamba yako ya Bunda husafirishwa kwa lori. Dagaa wa Musoma nao husafirishwa kwa lori. Lori likizuiwa njiani, dagaa wanaweza kuharibika na hasara itakuwa yako. Kwa hiyo inafaa ujue jambo hili: je, askari anayekagua gari leo anaweza kumwandikia dereva kosa la zamani?

Kuna makosa ya aina mbili.

Aina ya kwanza ni kosa linalokwisha. Kwa sheria ya Tanzania, lori la uzito unaozidi tani 3.5 halipaswi kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Kwenye makazi ya watu ni kilometa 50. Tuseme dereva alizidisha mwendo jana karibu na Makutano. Akaandikiwa, akalipa faini. Kosa hilo limekwisha. Leo askari wa Bunda hawezi kumtoza tena kwa mwendo ule wa jana. Lakini akizidisha mwendo tena leo, hilo ni kosa jipya.

Aina ya pili ni kosa linaloendelea. Tuseme lori lina tairi lililokwisha. Dereva ametozwa faini Musoma, naye amelipa. Lakini tairi hakulibadilisha. Wiki inayofuata anatoka Butiama na tairi lile lile. Akiandikiwa tena, asiseme, "Kosa hili nimekwisha kulilipia." Faini haitengenezi tairi. Aliadhibiwa kwa safari ile, na leo ameanza safari nyingine na gari bovu. Tairi likipasuka, watu wanaweza kufa.

Katika nchi nyingine sheria hutaja siku kamili. Marekani, dereva wa lori la safari ndefu huonyesha kumbukumbu za saa zake za kazi za siku ile na siku 7 zilizotangulia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mkaguzi alikuwa akitazama siku 28 za nyuma. Tangu tarehe 31 Desemba 2024, anatazama siku 56. Kwa nini wanatazama nyuma? Kwa sababu uchovu hauonekani kama tairi. Dereva aliyekosa usingizi siku nyingi anaweza kusinzia akiwa kwenye usukani.

Sasa turudi kwetu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Inamruhusu askari kumpa mkosaji karatasi ya kosa, ili alipe faini bila kwenda mahakamani. Siku hizi askari hutumia mashine ndogo ya mkononi, na kosa huandikwa kwa namba ya gari. Deni lisilolipwa hubaki katika kumbukumbu za polisi. Askari wa Bunda ataliona, hata kama liliandikwa Musoma. Huko si kuandika kosa jipya. Ni kudai deni la zamani.

Basi, fanya hivi:

1. Soma karatasi ya kosa kabla ya kuondoka. Tazama namba ya gari, tarehe, mahali na kosa.
2. Kama hukubaliani na kosa, sema kwa adabu. Una haki ya kupeleka shauri mahakamani.
3. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa. Usimpe mtu fedha mkononi.
4. Tunza stakabadhi ndani ya gari.
5. Tengeneza kilichoharibika kabla ya safari nyingine.
6. Kama chama chenu kinanunua lori lililotumika, ulizeni kwanza madeni yake. Msije mkanunua na faini za mwenzenu.

Asiyejua kusoma huambiwa tu, "Unadaiwa." Anayejua kusoma huuliza, "Ni kosa gani, na la tarehe gani?"

Maswali ya kujadili darasani

1. Kosa linalokwisha na kosa linaloendelea yana tofauti gani?
2. Kwa nini dereva atunze stakabadhi?
3. Lori lililobeba mazao yenu lina breki mbovu. Mtamwambia nini dereva?