Kwa Nini Kipaza Sauti Huvuma?

Mweiga ni mji mdogo ulio katika barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare. Kama ilivyo katika miji mingine iliyo karibu na Mlima Kenya, siku ya baraza ya chifu au ya harambee ya kanisa, vipaza sauti hutundikwa juu ili watu walio mbali wapate kusikia. Lakini pengine watu hao husikia mvumo tu, na maneno hayatambulikani. Hapo fundi hulaumiwa, na kipaza sauti hulaumiwa. Yafaa ijulikane kwamba mara nyingi kosa limo katika chombo kisichoonekana, nacho ni transfoma.

Transfoma ni nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma kimoja, wala hazigusani. Umeme unaogeukageuka ukipita katika waya wa kwanza, chuma hupata nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huamsha umeme katika waya wa pili. Jambo hili liligunduliwa na Michael Faraday huko London mwaka 1831. Waya wa pili ukiwa na mizunguko mingi kuliko wa kwanza, volti huzidi. Ukiwa na michache, hupungua.

Ndani ya amplifaya nyingi mna transfoma inayopokea umeme wa ukutani. Umeme wa Kenya ni volti 240, nao hugeuka mara 50 kwenda na kurudi katika kila sekunde. Kila mara chuma hukazwa na sumaku mara mbili. Basi hutetemeka mara 100, na huo ndio mvumo mzito usikiwao. Mvumo ukitoka katika sanduku lenyewe tu, si neno kubwa. Lakini sumaku hiyo huweza kuingia katika waya wa maikrofoni uliopita karibu, na amplifaya huukuza mvumo pamoja na maneno ya msemaji. Dawa yake ni kuuweka waya wa maikrofoni mbali na transfoma na mbali na waya wa umeme. Ikiwa hapana budi kukutana, nyaya hizo zipishane kama msalaba, zisilazwe pamoja.

Wako watu ambao, ili kuondoa mvumo, hukata waya wa ardhi katika plagi ya pini tatu. Hili ni jambo la hatari kubwa. Waya huo ndio unaoupeleka umeme ardhini chombo kiharibikapo. Ukikatwa, siku moja sanduku la chuma, na hata maikrofoni, huenda likawa na umeme, na atakayeishika akafa mbele ya watu. Mvumo ni udhia tu. Umeme ni mauti.

Transfoma pia huifikisha sauti mbali. Tuseme amplifaya ya wati 100 yapeleka sauti kwa kipaza sauti cha omu 8 kilicho mbali mita 100, kwa waya wa shaba wa milimita moja ya mraba. Karibu sehemu 3 katika kila 10 za nguvu hupotea njiani kwa kuupasha waya joto. Lakini transfoma ikipandisha volti hata 100, na nyingine ndogo ikizishusha tena penye kipaza sauti, hasara ya njiani huwa kama sehemu 3 katika 100.

Hata hivyo, transfoma ndogo ina kiasi chake. Sauti nzito, kama ya ngoma, hugeuka polepole, na kila igeukapo sumaku huzidi kujikusanya katika chuma. Chuma kidogo hujaa upesi. Hapo sauti hukatika na kukwaruza. Basi transfoma nyepesi yatosha kwa hotuba, lakini kwaya na ngoma zataka chuma kizito.

Kwa sababu hiyo hiyo, wanaoletewa vyombo na jamaa zao walioko Marekani na waangalie sana. Huko umeme ni volti 120, nao hugeuka mara 60. Transfoma ya kushusha volti 240 kuwa 120 hupatikana madukani, lakini haibadili hesabu ya mageuko. Chombo kilichoundwa kwa mageuko 60 tu kikipewa 50, chuma chake hubeba sumaku zaidi kwa sehemu moja katika tano. Huvuma, hupata joto, na mwisho huenda kikaungua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kwa fedha za kanisa au za chama, msomeni kibandiko kilicho nyuma ya chombo. Kikiandikwa volti 240 na mageuko 50, chafaa Kenya. Kikiwa na namba nyingine, muulizeni fundi kwanza. Kuuliza si ujinga.